Fundi Aliyejishona

Shemeji yangu ni fundi wa nguo, na tangu nimfahamu hajawahi kuiamini futi. Futi ipo dukani, inaning'inia msumarini, na mteja mgeni akiitazama fundi humwambia, "Hiyo ni ya wanaojifunza." Yeye hupima kwa mkono wake wa kulia. Urefu ni shibiri, upana ni vidole vinne. Kola, vidole vinne. Mdomo wa mkono wa shati, vidole vinne. Mkanda wa gauni, vitatu, kwa sababu eti gauni halitaki fujo. Mtaa mzima unamwita Vidole Vinne, na jina hilo analipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake.

Mimi kazi yangu pale dukani ni matundu ya vifungo. Dada yangu, ambaye ndiye mkewe, anauza vitambaa kwenye meza ya mbele. Tunashinda pamoja kutwa nzima sisi watatu, na kama kulikuwa na watu wa kuona kwamba fundi anabadilika, ni mimi na dada. Hatukuona kitu. Mtu unayekula naye kila siku utamtazama saa ngapi?

Walioona ni wateja, na wao waliona nguo tu. Mmoja alikuja kusema suruali yake mpya inafagia barabara. Fundi akamwambia, "Umepungua urefu." Mwingine akalalamika kwamba ndani ya kola yake angeweza kuingia yeye na mkewe. "Kitambaa hicho kikifuliwa hulegea," fundi akasema. Mteja akajibu kwamba bado hajakifua. "Basi ukikifua kitarudi." Shemeji yangu hakuwahi kukosea. Waliokosea ni kitambaa, uzi, mteja na hali ya hewa.

Nyumbani nako mambo yalikuwa hayo hayo. Viatu alivyovaa miaka yote vilianza kumbana, akahamia namba kubwa zaidi, kisha kubwa zaidi tena, akisema viwanda vya siku hizi vinaiba ngozi. Pete ya ndoa ilitolewa kidoleni kwa sabuni na mafuta ya kupikia, na dada akanuna wiki nzima akidhani kuna mwanamke. Kukoroma kwake kulizidi mpaka majirani wakawa wanamsalimia asubuhi kwa huruma, ingawa wao ndio hawakulala. Kichwa kilimuuma mara kwa mara. Na akawa anagonga bega kwenye fremu ya mlango, mlango ule ule aliopita miaka kumi na mbili, kisha anautukana mlango.

Halafu ikaja oda ya majoho ya kwaya, thelathini kwa mpigo. Mwalimu wa kwaya ni mtu mfupi mwenye sauti ya kujaza uwanja. Alikuja kujaribu joho la kwanza, akalivaa, akainua mikono kama anaanzisha wimbo, na mikono yote miwili ikapotelea ndani ya nguo.

"Fundi," akasema, "mimi naongoza kwaya, sifanyi mazingaombwe."

"Mikono yako ndiyo mifupi, mwalimu."

"Ilikuwa mirefu uliponishonea la mwaka juzi!"

Mimi mdomo wangu hauna breki, na siku hiyo nilikuwa nimechoka kufumua na kushona upya kazi za watu. Nikaenda nyuma ya duka nikachakura hadi nikaupata ubao wa karatasi ngumu tuliokatia majoho zamani. Siku nilipoanza kazi, fundi aliweka mkono wake juu ya ubao huo akachora mistari miwili kwa penseli, mmoja kila upande wa vidole vyake, ili asipokuwepo nisihangaike. Niliuweka mezani mbele ya mwalimu na dada.

"Shemeji, hebu weka vidole vyako hapo."

"Vya nini?"

"Weka tu. Si vyako mwenyewe?"

Akaviweka kwa mbwembwe. Vidole vitatu vikajaza nafasi yote. Cha nne kilibaki nje ya mstari, kinene, chenye kucha pana, hakina pa kukaa. Alijaribu kuvibana, akageuza mkono, akajaribu tena. Dada aliushika mkono ule akautazama kama vile ameletewa wa mtu mwingine, kisha akanyanyua macho akamtazama usoni, na nadhani ndipo alipoona taya ilivyopanuka na pua ilivyojaa.

"Ubao umekauka," fundi akasema. "Karatasi ikikauka inasinyaa."

"Kesho hospitali," dada akasema. Dada yangu ni mpole, lakini akisema jambo kwa sauti ile hata mwenye nyumba hunyamaza.

Tulipelekwa huku na huku. Alitolewa damu, akanyweshwa maji ya sukari, akatolewa damu tena. Akaingizwa kwenye mashine ya sumaku inayopiga picha za kichwa, akatoka akisema inagonga kuliko cherehani kibovu. Akakalishwa mbele ya bakuli kubwa jeupe, akaambiwa atazame katikati na abonyeze kitufe kila akiona nukta ya mwanga. Majibu yalipokamilika tukaitwa kwa daktari wa tezi, mwanamke mdogo kwa umri, mwenye miwani minene na subira ya kupindukia.

"Fundi, chini ya ubongo, nyuma kabisa ya pua, kuna tezi ndogo kama punje ya kunde," akasema. "Inaitwa pituitari. Ndiyo inayozituma tezi nyingine kazi. Yako imeota uvimbe, na uvimbe huo unamwaga homoni ya kukuza mwili. Wewe umeshamaliza kurefuka, kwa hiyo unapanuka: mikono, miguu, taya."

"Ni saratani?" dada akauliza. Alikuwa ameushika mkono wangu hadi unauma.

"Hapana, si saratani. Lakini si wa kuchekewa." Akatuonyesha karatasi yenye miduara miwili, mmoja kwa kila jicho. Katikati palikuwa peupe, na pembeni, kushoto na kulia, palikuwa peusi tii. "Hapa penye weusi nukta ziliwaka na hukubonyeza."

"Labda nilisinzia."

"Hukusinzia, fundi. Uvimbe umekua hadi unasukuma mishipa ya macho. Umeshapoteza pembeni. Tukiuacha utakula na katikati."

Duka lote lilipita mbele ya macho yangu: sindano, uzi mweusi juu ya kitambaa cheusi, mshono ulionyooka. Fundi hakuuliza habari ya kufa. Aliuliza, "Uzi nitautungaje kwenye sindano?"

"Ndiyo maana nataka upasuliwe mapema. Tunapita puani, hakuna fuvu litakalofunguliwa. Mishipa ikipata nafasi upesi, mara nyingi macho hurudi. Ikibanwa muda mrefu, hayarudi."

Sasa hapo ndipo foleni ilipotuponza. Nje, tulipokuwa tukingoja kuitwa, tulikaa na mama mmoja mcheshi aliyetusimulia habari zake bila kuulizwa. Yeye naye alikuwa na uvimbe kwenye tezi hiyo hiyo. Alianza kutoka maziwa wakati mtoto wake wa mwisho ana miaka tisa, mama mkwe akadhani kuna mimba, akamfumia mjukuu soksi. Alipewa vidonge, viwili kwa wiki, na uvimbe ukasinyaa wenyewe. Fundi aliyashika maneno hayo.

"Daktari, mimi nipe vidonge vya yule mama."

"Wa kwake ni wa aina nyingine. Ule wa maziwa husikia vidonge vizuri sana, mara nyingi hatuugusi kwa kisu. Aina yako dawa yake ni sindano ya kila mwezi. Huteremsha homoni, na pengine hupunguza uvimbe, lakini taratibu, na macho yako hayana muda huo. Sindano tutaitumia baada ya upasuaji kama kuna masalia. Ikishindwa, kuna mionzi, nayo huchukua miaka kufanya kazi."

"Kwa hiyo dawa zipo," fundi akasema.

"Fundi, umenisikia?"

"Nimesikia. Nimalize majoho, nitarudi."

Daktari alimpa wiki tatu, na akaziandika kwenye kadi kwa kalamu nyekundu.

Habari ya uvimbe kichwani ilimfikia shangazi yake kabla hatujafika nyumbani. Shangazi ndiye aliyemlea fundi, na anaamini hakuna ugonjwa usiojua kusikia jani. Alikuja na mfuko wa magome, chupa ya mafuta na unga wa kijivu uliofungwa kwenye gazeti.

"Wamesema watapita wapi?" akauliza.

"Puani," dada akajibu.

Shangazi akapiga makofi. "Si nilijua! Hata mimi dawa yangu inapita puani."

Fundi alikuwa anatafuta mtu wa kumwambia asipasuliwe, na sasa amempata. Asubuhi na jioni alivuta unga ule. Alipiga chafya za kutikisa vioo, vifungo vyangu vikaruka mezani, na mteja mmoja aliyekuwa anavua koti akalivaa tena akaondoka. Kila chafya shangazi alihesabu kama ushindi. "Unatoka huo! Unatoka!" Dada alikasirika, akabembeleza, akanyamaza. Usiku mmoja alilia jikoni maji yakiwa yanachemka, ili asisikike. Mimi nilimsikia. Nilimchukia fundi siku hiyo, nakiri, kwa ukaidi wake wa kutaka kupofuka huku akitabasamu.

Wiki ya tatu ikafika na majoho yamebaki mawili. Mwalimu wa kwaya alikuja kuchukua kazi yake, akamkuta fundi anamalizia mshono mrefu wa ubavuni, cherehani kinanguruma, uso umejaa raha. Alikata uzi, akasimama kumpa mwalimu mkono. Joho nalo likasimama.

Alipiga hatua moja. Joho likamfuata. Akageuka kuona nani anamvuta, na joho likageuka naye, mkia ukazoa sahani ya pini ukaimwaga sakafuni. Alikuwa ameshona pindo la shati lake mwenyewe ndani ya mshono, kuanzia kiunoni hadi karibu na kwapa, mshono mzuri ulionyooka, wala hakuna hata tundu moja lililoruka.

"Fundi," mwalimu akasema kwa ile sauti yake ya kujaza uwanja, "kama umelipenda sema tu, nitakuachia!"

Tulicheka. Dada alishika meza, mimi nilikaa chini kabisa kwenye pini, mwalimu akajifuta machozi kwa karatasi ya kukatia. Hata shangazi, aliyekuwa mlangoni akipepeta magome, alivunjika mbavu. Fundi alicheka pia, kwa sekunde chache. Kisha alishika shati lake pale liliposhonwa, akashusha macho, akalivuta kidogo kama asiyeamini.

"Lilikuwa hapa ubavuni," akasema. "Hapa hapa. Sikuliona."

Kicheko kilikatika. Nikachukua wembe nikaanza kumfumua, tundu moja moja, naye amesimama katikati ya duka mikono imeinuliwa. Nilitamani nimwombe radhi kwa kumchukia, lakini nilichomwambia ni kwamba atulie nisije nikamkata.

"Mke wangu," akasema, akitazama ukutani, "kesho twende."

Shangazi alisema naye anakwenda, na hakuna aliyethubutu kumzuia. Kwa daktari alikaa kiti cha mbele kabisa.

"Binti yangu, wewe unapita puani na dawa yangu inapita puani. Tofauti iko wapi?"

"Tofauti, shangazi, ni kwamba sisi tunakwenda tukiona. Kifaa kina kamera mbele. Unga wako unakwenda gizani." Akamwuliza ndani ya unga kuna nini. Shangazi akasema ni siri ya ukoo. "Basi siri hiyo ikae nje ya mwili wake kuanzia leo. Kuna majani yanayofanya damu isigande, mengine yanagombana na dawa ya usingizi, na pua yenyewe naiona imechubuka. Naomba pua ipone kwanza, hata siku kumi."

Uso wa shangazi ulishuka. Nadhani daktari aliuona, maana aliivua miwani.

"Mafuta yako ni ya kukandia?"

"Ya miguu na mgongo."

"Hayo endelea nayo. Mkande, mwimbie, mfanye alale. Hayatapunguza uvimbe hata chembe, nakwambia ukweli. Lakini yatampunguzia woga, na mtu asiye na woga mwingi anaturahisishia kazi."

"Nilijua mtanihitaji," shangazi akasema, akajiweka sawa kwenye kiti.

Fundi aliuliza kama mikono itarudi ilivyokuwa. Daktari akamwambia nyama itapungua, atavaa pete tena labda, lakini mfupa uliopanuka haurudi nyuma. Fundi alivitazama vidole vyake, akasema, "Basi nitapima kwa vitatu na nusu." Dada akamwambia atapima kwa futi au atalala nje.

Siku ya upasuaji tulikaa kwenye benchi refu la ukutani tangu asubuhi. Dada alihesabu vigae vya sakafu, akafika mwisho, akaanza upya. Shangazi alikanda miguu ya dada kwa kuwa ya fundi haikuwepo. Mimi niliogopa atatoka hai na mzima, kisha atafumbua macho na kukuta giza, na sisi tutamwambia nini mtu ambaye hajui kazi nyingine?

Mchana daktari mpasuaji alitoka, barakoa imeshushwa kidevuni. Uvimbe wameutoa karibu wote. Kuna kipande kidogo kimekumbatia mshipa mkubwa wa damu, hicho wamekiacha makusudi, kitafuatwa na sindano za kila mwezi.

"Na macho?" dada akauliza.

"Tutaona," akasema, na sikulipenda neno hilo.

Kesho yake tuliruhusiwa kuingia wodini. Fundi alikuwa ameegemezwa mito, pua imezibwa kwa pamba, anapumua kwa mdomo, na sauti yake inatoka kama ya mtu aliyejificha kabatini. Muuguzi alitusomea sheria kama hakimu. Asipenge. Asiiname. Akitaka kupiga chafya, aachame mdomo. Akisikia kiu isiyoisha au maji maji mepesi yakimtiririka puani, aseme hapo hapo. Shangazi aliinamia blanketi akaanza na unyayo wa kulia.

Hakuna aliyeuliza habari ya macho. Daktari alisema atapimwa mchana, kwa lile bakuli jeupe, na mpaka hapo kila mtu alikuwa anaona heri asijue. Dada alijiweka mbele yake kabisa, mguuni pa kitanda, kama alivyozoea miezi yote hiyo bila kujua kwa nini anafanya hivyo. Alikuwa amemenya chungwa, akalitenganisha, akaweka vipande kwenye sahani juu ya kile kimeza cha pembeni, upande nilioketi mimi. Akaanza kumsimulia habari za duka: mwalimu wa kwaya amelipokea joho na anasema ndani yake limebaki pindo la shati, je, alirudishe au ni zawadi. Fundi alimtazama mkewe, macho yamemkazia yeye tu, anatabasamu kwa mdomo ulioachama.

Mimi sikuwa nimekula tangu jana. Nilichukua kipande kimoja. Dada anaendelea kusimulia, fundi anamtazama yeye. Nikachukua cha pili. Mkono ukaenda tena wenyewe.

"Shemeji," fundi akasema kwa ile sauti ya kabatini, bila kuacha kumtazama dada, "hicho ni cha tatu."

Shangazi aliacha unyayo.

"Umesemaje?" dada akauliza.

"Huyu mdogo wako. Anadhani kwa kuwa nakutazama wewe, yeye simwoni. Ananilia machungwa yangu."

Kipande kilikuwa shavuni. Sikuweza kukimeza wala kukitema. Machozi yakanitoka yakichanganyika na maji ya chungwa, nikawa nalia na kucheka kwa pamoja, na fundi akaninyooshea kidole akisema tusimchekeshe, pua itafumuka. Dada hakucheka. Alikuja taratibu, akaichukua sahani, akazunguka nayo kitanda hadi upande wa pili, akaishika mbali kabisa na uso wake, mbele kidogo ya bega.

"Usigeuke," akamwambia. "Vimebaki vingapi?"

Fundi alikaza macho kwenye ukuta wa mbele.

"Vitano," akasema. Na vilikuwa vitano.